Kila Kiatu kwa Mguu Wake

6 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila haya magoti siku hizi yananitangazia mvua kabla ya redio. Naandika kwa simu, kidole kimoja, basi usinihesabie makosa. Na wewe ukijibu andika barua yenye kichwa na miguu, si vile vijimeseji vyako vya "poa" na "sawa", kama mtu asiyelelewa.

Habari yenyewe si nzuri. Mwenye jengo amepita duka kwa duka, kwa kinyozi, kwa mshona mapazia, mpaka kwangu, akasema mwisho wa Mei wote tuwe tumetoka. Anabomoa. Nikamwambia kaka yako. Badala ya kunipa pole akasema, "Vizuri Mama, sasa utapumzika." Kupumzika! Kwani nani kamwambia nimechoka? Tangu babu yako aniachie nyundo yake sijakaa wiki nzima bila kugusa soli. Eti nihamie kwake, nile, nilale, nitazame televisheni. Na cherehani ya ngozi ameshaitafutia mnunuzi, hata sijamaliza kuguna.

Mwanangu, mimi nikikosa kazi nitakufa kwa ukaidi, si kwa uzee. Hebu ongea naye. Wewe anakusikiliza.

Mamako

9 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimetulia. Ofisini wananipa kazi mpaka nasahau kukohoa.

Nimeongea na Kaka. Usimkasirikie, hana ubaya, ni mwoga tu. Anasema chumba chake cha nje kipo, angekupa ukakifanya karakana. Lakini nyumba iko kichochoroni, nyuma ya ukuta, hata muuza gesi hupiga simu aelekezwe. "Nani atamfuata Mama huku?" ndivyo alivyoniambia. "Atashika nyundo akimsubiri mteja asiyekuja, avunjike moyo. Bora apumzike kwa heshima." Nikambana, nikambana, mwisho akakubali hivi: kabla ya siku ya kuhama ukipata mteja wa kweli, mtu baki asiyekujua, anayekuja kwa sababu ya kiatu na si kwa sababu amepita mlangoni, chumba ni chako. Usipompata, cherehani inauzwa.

Sasa nisikilize. Nataka kukufungulia duka kwenye mtandao, Mama. Tovuti. Mtu anaona kiatu kwenye simu yake, anaandika vipimo, anaagiza. Sijawahi kutengeneza tovuti, lakini nimeanza kujifunza jioni nikitoka kazini. Unakodi nafasi, unachagua jina, unapanga kurasa. Jina nimeshalichukua: Mama Soli, kama wanavyokuita mtaani. Wewe nitumie picha za viatu, na maneno machache kuhusu wewe mwenyewe.

Mwanao kitindamimba

20 Februari

Kitindamimba,

Marahaba. Nafurahi kifua kimetulia, lakini usiache maji ya moto.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo wewe unataka viatu vyangu vikatembezwe kwenye simu za watu kama karanga! Haya, mfa maji haachi kutapatapa. Nimekubali. Ila nijibu: hilo duka linafungwa saa ngapi? Mteja akibisha mimi nimelala, itakuwaje? Na bei ataniomba nipunguze kwa njia gani? Mteja asiyebembeleza bei mimi simwamini.

Na hili usilifanyie mzaha. Nimemwona mke wa kaka yako akinunua viatu kwenye simu: anabonyeza namba moja, basi. Mimi sishoni namba, nashona mguu. Weka sehemu mbili, ya kushoto na ya kulia. Nani aliyekuambia miguu ya mtu ni mapacha? Na usiweke swali la kwa nini. Babu yako alinifundisha kwamba fundi hupima, haulizi mguu umekuwaje. Mtu akivua kiatu mbele yako ameshakuamini vya kutosha.

Picha na maneno nimetuma.

Mamako

5 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje?

Picha nimepata, asante. Lakini Mama, kila picha ina kidole gumba chako. Kile kiatu cha kahawia nimekiona nusu, kidole nimekiona chote. Piga tena asubuhi, karibu na dirisha, viatu uviweke juu ya kitambaa cheupe, na simu uishike pembeni. Na yale maneno "machache" umeanzia kwa babu wa babu! Nimesoma yote, nikacheka, nikalia kidogo, kisha nikaacha aya moja.

Duka halifungwi, lakini usiogope. Oda itakaa kwenye simu yako mpaka uamke. Kubembeleza bei hakuna, najua hilo litakuuma. Na kuhusu chema chajiuza, hebu niambie: chema kikifungiwa kabatini kitajiuza kwa mende?

Hizo sehemu mbili za miguu zimenitoa jasho. Nilikuwa nikiandika namba huku, inakimbilia kule. Nadhani sasa zimetulia.

Mwanao kitindamimba

17 Machi

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Sikuulizi hali, nitakuuliza mwishoni. Nimepata mteja!

Alijiandika "Mteja" tu, na penye anwani akaweka "nitafuata mwenyewe". Sikushangaa, wapo watu wa aibu. Mguu wa kushoto thelathini na saba, wa kulia arobaini. Masikini ya Mungu! Nilishtuka, lakini sikuuliza. Nilishusha kalibu mbili za mbao tofauti, zile za kuumbia kiatu, nikatoa ile ngozi laini niliyokuwa naitunzia jambo la maana. Taabu ilikuwa kuvifanya vionekane ndugu. Kile kidogo nikakirefushia mshono wa mbele, kile kikubwa nikakipunguzia, nikavuta, nikafumua, nikarudia. Sasa ukivitazama vikiwa pamoja macho yanadanganyika kabisa.

Nimeviweka dirishani. Mlango ukilia tu nainua kichwa. Mwambie kaka yako atafute pa kupeleka yale makorokoro ya chumba cha nje!

Haya, hujambo?

Mamako mwenye furaha

18 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Yule mteja ni mimi. Anayetengeneza tovuti huijaribu kwanza. Anajiagizia mwenyewe aone kama oda inafika. Niliandika namba mbili tofauti makusudi, nijue kama kila moja inakaa mahali pake. Nilitaka kukuambia asubuhi ile ile, mkubwa wangu akaniita, ikanitoka kabisa. Tena nilijua hata nikisahau utanipigia tu uulize, "Huyu ni nani, mbona miguu yake hivi?" Kumbe wewe huulizi.

Nisamehe, Mama. Ngozi nyingine nitakutafutia. Kaka sijamwambia kitu.

Mwanao

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu hupokei. Kaka anasema u mzima, ila nyundo unaigonga kwa nguvu kuliko kawaida. Nitukane basi, nijue upo.

Mwanao

2 Aprili

Kitindamimba,

Marahaba. Nipo.

Nilikasirika, usijidanganye. Wala si kwa sababu ya ngozi. Nilikuwa nimemzoea yule mtu. Nashona huku namwona anatembea barabarani bila kuchechemea, anapanda ngazi, anacheza na watoto wake. Halafu unaniambia hayupo. Niliumia kama niliyefiwa.

Kaka yako aliviona dirishani, akauliza ni vya nani, nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamrushia brashi, nami nikaanza kucheka, hasira ikaishia hapo. Lakini wewe na majaribio yako nimewakoma.

Umekula lakini?

Mamako

5 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekula, na barua yako nimeisoma mara nyingi.

Yule mtu uliyemwona akipanda ngazi, mimi naamini yupo. Nimeuliza hapa ofisini tu, mhasibu mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hununua viatu vikubwa, kimoja akakijaza pamba. Miaka yote hiyo tunasalimiana sikujua!

Kwa hiyo vile viatu usivifumue. Vipige picha, kidole gumba kikae mbali. Nimebadilisha ukurasa wa mbele wa tovuti. Mtu akiufungua ataona viatu hivyo kwanza, na chini yake maneno haya: "Kila kiatu kwa mguu wake. Hatuulizi kwa nini." Ni maneno yako, Mama, mimi nimeyapanga tu.

Mwanao kitindamimba

6 Mei

Kitindamimba,

Hujambo? Huku tunamshukuru Mungu.

Tovuti yako nzuri. Kila asubuhi naifungua, naviangalia viatu vyangu, naifunga. Hakuna aliyeagiza. Mnunuzi wa cherehani amekuja, akaizunguka, akaichungulia chini, akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani. Sikuweza kutazama. Nikakimbilia kwa kinyozi, nikajifanya nataka kunyolewa.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, acha. Najua unataka kunichangamsha. Lakini juzi umeniletea nini tena? Kushoto thelathini na sita, kulia arobaini na moja, rangi ya manjano! Hata uongo una kiasi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nimekujibu pale pale kwenye oda: "Wewe mtoto, mamako sina nafasi ya mchezo. Umekula? Lala mapema, na uvae sweta."

Mamako

7 Mei

MAMA!

Shikamoo. Si mimi! Haki ya Mungu si mimi! Huyo ni mtu! Mteja wetu wa kwanza duniani, na wewe umemwamuru avae sweta!

Mwombe radhi sasa hivi, kabla hajakimbia. Barua yenye kichwa na miguu utaniandikia baadaye.

Mwanao anayetetemeka

10 Mei

Kitindamimba,

Hujambo? Mimi nilipoisoma barua yako niliitupa nyundo chini. Nikafungua ile oda nimwombe radhi, nikakuta mwenyewe ameshajibu. Nakunakilia: "Asante Mama. Mimi si mwanao, ila nimekula, na sweta nimevaa. Viatu navitaka kweli. Nikiwa na pesa nanunua jozi mbili, nachukua kimoja huku na kimoja kule, vinavyobaki nagawa, na hakuna anayevitaka. Pesa ikikosekana nanunua jozi moja kubwa, naweka pamba. Manjano ni kwa ajili ya watoto wadogo ninaowafundisha. Wanasema viatu vyangu vina huzuni."

Uwii, niliona haya, nikafurahi, vyote pamoja! Atakuja mwenyewe kuvijaribu, siku hiyo hiyo ya kuhama. Ngozi ya manjano sikupata, nimeipaka rangi mwenyewe, na mikono yangu imekuwa ya manjano mpaka viwikoni.

Tatizo ni kaka yako. Nimemwonyesha, akatabasamu tu. "Mama, ni yuleyule mtoto wako. Mmepanga." Anasema mpaka amwone mtu kwa macho yake. Mnunuzi ameshaambiwa siku.

Niombee.

Mamako

1 Juni

Kitindamimba wangu,

Hujambo, mwanangu? Mimi sijambo, sijambo kabisa. Tulia nikueleze.

Jana gari lilikuja asubuhi. Kaka yako alimpangia dereva: kwanza cherehani kwa mnunuzi, kisha mimi na vyombo vyangu nyumbani kwake. Yule mwalimu alisema atafika kabla ya saa sita. Saa sita ikafika, ikapita. Kaka yako akatazama saa, akaniwekea mkono begani. Huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi. Afadhali angenicheka. Vijana wa gari wakapandisha cherehani, wakaifunga kamba. Mimi nimekaa juu ya sanduku la kalibu, viatu vya manjano mapajani, nasema moyoni, basi tena, ndiyo imekwisha.

Mara namsikia mtu anamuuliza kinyozi, "Kwa Mama Soli ni wapi?" Mwanamke mnene, anahema, jasho linamtoka. Basi alilopanda liliharibika njiani. Aliponiona tu akasema, "Mama, leo sijala, lakini usinigombeze."

Nikampisha kwenye sanduku. Alipovua viatu vyake bonge la pamba likaanguka, akawahi kulifunika kwa mguu. Nikajifanya sikuona. Nikapiga magoti nikamvalisha kwa mikono yangu. Akasimama. Akaenda mpaka kwa kinyozi, akarudi. Akaenda tena. Kisha akasimama katikati ya barabara akasema, "Havipigi kelele." Kumbe miaka yote hiyo kiatu kimoja kilikuwa kinampigapiga kisiginoni, kila hatua, watoto wanamsikia kabla hajaingia darasani. Akaanza kutembea harakaharaka huku anacheka, mikono juu, mtu mzima yule!

Kaka yako akamsogelea. "Dada, umetoka wapi?" Akataja mji wake. Mbali, mwanangu, ameondoka alfajiri. "Na Mama ulimjuaje?" Akasema, "Nilisoma kwenye simu, hatuulizi kwa nini. Nikasema huyu ndiye niliyekuwa namtafuta." Kaka yako akakuna kichwa. "Na kama angekuwa kichochoroni, nyuma ya ukuta, mahali pasipoonekana?" Yule mwalimu akamshangaa, kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Ningeuliza njia."

Kaka yako akaitazama cherehani iliyofungwa kamba. Halafu akamwendea dereva, nikamsikia kwa masikio yangu: "Kwa mnunuzi hatuendi tena. Twende nyumbani moja kwa moja, na hiyo cherehani mtaiteremsha taratibu. Ni ya Mama."

Nimelia, mwanangu, mbele ya kinyozi na watu wote, na sioni aibu.

Sasa fungua hiyo tovuti, leo leo, ubadilishe anwani. Andika niko kichochoroni, nyuma ya ukuta, na atakayepotea aulize njia.

Mamako,
Mama Soli, fundi viatu