Siku ya Tatu ya Sabasaba

Tunduma

Mke mwenzangu Mariamu,

Neno "mpendwa" ninajua kuliandika. Tulifundishwa sote wawili kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ukikaa benchi la mbele yangu. Lakini nimelijaribu mara mbili na mkono umekataa, basi pokea salamu zangu hivyo hivyo. Mimi sijambo, wanao hawajambo, mvua imekatika na mahindi tumeshayaanika. Nimesema wanao. Nitaliacha hapo, maana siku hizi karatasi nayo ni ya kutafuta.

Tangu uondoke kwenda kwa kaka zako Msangano sijakuandikia hata mara moja. Leo nina shida nawe. Lakini kabla sijaisema nataka tuongee habari za Dar es Salaam, ile safari ya Sabasaba, kwa sababu tulikaa nyumba moja miaka yote ile baada yake na hakuna kati yetu aliyewahi kuitaja.

Unaikumbuka jioni yenyewe? Reli ilikuwa bado mpya. Baba Zuhura, aliyekuwa akiendesha lori la watu kutoka bandarini mpaka hapa mpakani, aliingia uani akicheka peke yake. Akatuita wote: mimi, wewe, Zuhura, na Idi niliyekuwa nimembeba mgongoni. Akasema tajiri wake amempa likizo na safari hii hataki kuona usukani. Tutapanda treni, nyumba nzima, twende tukaone maonyesho. Mdogo wake wa Temeke alikuwa amemwambia kwamba pembeni mwa viwanja wamefunga mabembea makubwa ya kuzunguka, mtu akifika juu anaiona bahari.

Zuhura alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Wewe ulishika mdomo. Mimi niliuliza swali moja tu.

"Siku ngapi?"

Ulijua kwa nini niliuliza. Mwanamke mwenye mwenzake akisikia neno safari, kitu cha kwanza ni kuigawa kichwani.

Baba Zuhura alihesabu kwa vidole. Ukitoa siku za treni, za kwenda na za kurudi, alisema, zinabaki tatu za kutembea. Tukitaka ya nne, treni inatuacha, na tajiri wake hataki kusikia habari ya kuchelewa.

"Nne ndiyo haki," ulisema polepole, ukiwa umeinamia sufuria. "Mbili za dada, mbili zangu."

"Tunakwenda kutembeza watoto," nikakujibu. "Mimi ninao wawili. Wewe utampandisha nani bembea?"

Uliendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva. Baba Zuhura alikohoa, akasema, "Zamu ni zamu, Mama Zuhura. Haihesabiwi kwa watoto."

Maneno yale niliyasema na sikuyaonea haya wakati ule. Ulikuwa umeingia nyumbani kwangu ukiwa msichana wa Kinamwanga uliyesilimu juzi, huna mtoto, na bado kila kitu ndani ya nyumba ile kilikatwa katikati kwa ajili yako. Usiku wa mume wangu ulikatwa. Sukari ya foleni ilikatwa. Sasa na Sabasaba nayo?

Tulibishana karibu wiki nzima, unakumbuka, mpaka maji ya kisima tukawa tunayafuata kila mtu kwa saa yake. Mwisho Baba Zuhura mwenyewe alikaa kwenye kiti chake cha kamba akatoa hukumu. Siku ya kwanza ya bi mkubwa. Ya pili ya Mariamu. Ya tatu ya watoto, twende wote.

"Siku ya watoto ni siku yangu," nikasema. "Kwani watoto ni wa nani?"

Ukaniangalia, ukamwangalia yeye, ukasema, "Basi siku hiyo nitabaki kwa shemeji nipike. Mwende tu."

Baba Zuhura alishusha pumzi. Nilikuwa nimeshinda, Mariamu. Nilishinda kwa muda wa mtu kumeza mate, kwa sababu Zuhura, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema kutoka mlangoni, "Mayo asipokwenda, na mimi siendi."

Mayo. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, sijui lugha ya kwenu, lakini kila mtu wa mpakani anajua kwamba neno hilo ni mama. Nilipolazwa Vwawa kwa mimba ya Idi, nilimwacha mwanangu akikuita mama mdogo. Niliporudi na kichanga mikononi, alishakuwa anasema mayo, na nywele zake ulikuwa umezisuka kwa mtindo ambao mimi siwezi. Watu waliniambia nishukuru. Nilikushukuru, utanishuhudia. Lakini tangu siku hiyo kila nilipozifumua nywele zile, nilizifumua kwa nguvu kidogo.

Tukaenda, na siku zikabaki kama alivyozipanga.

Siku yangu niliitumia kuangalia matrekta. Hicho ndicho sijawahi kukuambia. Nilivaa vizuri, nikajipaka wanja, nikafuatana na mume wangu peke yetu kama tulipooana, naye akanipeleka moja kwa moja kwenye majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Kisha ng'ombe wenyewe, wa maziwa. Kisha injini ya pampu ambayo aliizunguka mpaka mwenye banda akamwuliza kama anataka kuinunua. Nilipomwambia miguu inaniuma, alinitafutia kivuli, akanikalisha, akarudi kwenye pampu.

Kesho yake ilikuwa yako. Mimi nilibaki Temeke na mke wa shemeji, tukichambua mchele, na kila mlango ulipolia nilinyanyua kichwa. Mlirudi jua limeshazama. Ulikuwa unacheka kabla hujaingia ndani. Mke wa shemeji akakuuliza mmeona nini, ukafungua pochi, ukatoa picha.

Picha, Mariamu. Wewe umekaa kitini, yeye amesimama nyuma, mkono uko begani mwako, na ukutani nyuma yenu kumechorwa maua na ndege. Ilipita mkono hadi mkono, shemeji akaisifu, Zuhura akaibusu. Ilipofika kwangu niliitazama kama mtu anayetazama kitu cha dukani, nikasema, "Mmetoka vizuri," nikarudi kwenye mchele. Usiku ule nilikuwa nimelala na watoto chumba cha pili, na niliwasikia mkiongea kwa sauti ya chini. Sikusikia maneno. Ingekuwa heri kusikia.

Mpaka leo picha hiyo unayo wewe. Mimi, niliyeolewa naye akiwa bado utingo hana hata leseni, sina hata moja.

Sasa ile siku ya tatu. Tulikwenda wote kwa sababu mtoto alitaka, na mimi nilitembea mbele na Idi mgongoni ili nisiwaone mlivyoshikana mikono, wewe na Zuhura. Tulipofika kwenye lile gurudumu kubwa la mabembea, nililitazama mara moja tu nikarudi nyuma. Kiti kimoja kilipakia watu wawili, chuma kimoja mbele ya tumbo, basi. Baba Zuhura, aliyekuwa akishuka mlima Kitonga na lori lililojaa, alikitazama kile kiti akasema mgongo unamuuma.

"Mama, twende," Zuhura aliniambia. Mimi kwanza, Mariamu. Aliniambia mimi kwanza, nataka ulikumbuke hilo.

"Nina mtoto mgongoni," nikasema.

Ungeweza kunyoosha mikono umpokee Idi. Nilikuona ulivyotaka kunyoosha. Nami nikamkaza mgongoni, kwa sababu niliogopa gurudumu na sikutaka ujue. Ndipo akageuka kwako, na wewe ukavua viatu ukanikabidhi, ukapanda naye.

Mlizunguka vizuri mara kadhaa. Kisha umeme ukakatika, na gurudumu likasimama mkiwa juu kabisa.

Watu walianza kupiga mayowe kwenye viti vyote. Mwenye gurudumu akakimbilia kwenye mashine, Baba Zuhura akamfuata akitukana. Mimi niliita mpaka koo likakauka. "Zuhura! Mama niko hapa! Zuhura!" Sikujibiwa. Nikadhani amezimia. Kisha watu wa karibu yangu wakanyamaza kidogo, na nikasikia kutoka juu kule mnaimba. Sauti mbili. Wewe ukitangulia, yeye akipokea, na kila neno lilikuwa la Kinamwanga, na mwanangu aliyajua yote.

Sijawahi kusimama mahali nikawa mgeni kama pale, na viatu vyako mkononi. Mtoto niliyemzaa yuko hewani, huenda akaanguka, na anayemtuliza si mimi, na analotulizwa nalo mimi silijui hata maana yake. Wenzangu waliokuwa chini waliomba umeme urudi. Na mimi niliomba. Lakini nitakuambia na jingine nililoomba: kwamba alie. Alie tu kidogo, aniite.

Hakulia. Waliwashusha kwa kuzungusha kwa mkono, kiti kimoja kimoja, na Zuhura aliponiona alikimbia, akanipita, akamrukia baba yake amsimulie.

Nilikurudishia viatu. "Mlikuwa mnaimba nini?"

"Wimbo wa kulazia watoto, dada."

"Watoto wa nani?"

Midomo yako ilikuwa bado inatetemeka. Ndipo nilipojua kwamba na wewe uliogopa. Ukasema, "Alikuwa anatetemeka, nikamwambia amtazame mama yake. Yule pale chini, mwenye mtoto mgongoni. Hakukuondolea macho hata kidogo, dada. Ndiyo maana hakulia."

Sikukuamini. Niliona unanitupia mfupa. Mpaka leo siamini vizuri, na nimelifikiria jambo hili kuliko ninavyofikiria mambo mengi ya maana.

Tulirudi na treni, na maisha yakaendelea. Baba Zuhura akaja kuugua, akatuacha, na tukakaa eda wawili chumba kimoja, hakuna tena zamu ya kugombea. Nilidhani hapo wivu utakwisha. Kaka zako walipokuja na mkokoteni kukuchukua, nilikufungia unga na chumvi, nikakusindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikiwa mwepesi kabisa. Ndani nikamkuta Zuhura amelala juu ya godoro lako tupu, uso ukutani. Alikaa siku nyingi hali chakula ila kwa kulazimishwa. Baba yake alipokufa alilia kwa sauti, kama watu wote. Kwako alilia bila sauti. Nilisimama mlangoni nikamwangalia, na ule wepesi wote ukaniisha.

Kwa hiyo Mariamu, nakuonea wivu. Wa mume niliuzika pamoja naye. Huu ni mwingine, na sioni dalili ya kuzeeka kwake. Kila likizo mtoto aliponiomba aje Msangano nilimpunguzia siku, nikisema kuna kazi, kuna mgeni, barabara imeharibika. Na kila aliporudi alikuwa amenenepa na anaimba.

Sasa shida yenyewe. Zuhura anaolewa. Mchumba ni kijana wa Vwawa, karani kwenye ghala la kahawa, mtu wa adabu, wazee wake wamekuja na tumekubaliana. Ndoa itakuwa baada ya mfungo. Juzi nilikuwa nampaka mafuta kichwani, nikaanza kumweleza nani atakaa naye ndani, nani atapokea wageni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi sitoki chumbani mpaka mayo aje."

"Na mimi je?" nikamwuliza. Halikuwa swali la mtu mzima, lakini lilinitoka.

Akacheka, akanishika goti. "Wewe upo, mama. Wewe siku zote upo."

Sijui kama alinisifu au alinitukana. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelipeleka kisimani na kulirudisha. Nilitaka nikasirike. Halafu nikajiuliza, hivi yeye akiniona mimi mtu wa kuwapo siku zote, nataka nini kingine? Nataka anikimbilie. Ndilo jibu, na sioni haya kulisema kwako kwa sababu wewe peke yako ndiye unayejua namna anavyokimbia.

Basi njoo. Malori ya mahindi ya kwenu yanafika hapa kila wiki, mwombe dereva mmoja akupe nafasi mbele, usipande juu ya magunia na kifua chako kile. Uje mapema, kabla ya wanawake wengine, ili muwe na muda wenu. Nitawapa. Nitakuwa jikoni na nitagonga masufuria, lakini nitawapa.

Jambo la mwisho ni nguo. Madukani hapa kanga hakuna, hata za kupanga foleni hakuna. Nimevuka mpaka kwenda Nakonde kwa njia ninayoijua mwenyewe, nimezunguka kutwa, nimepata doti moja tu, ya rangi ya zambarau. Mama wa bibi harusi hujifunga kipande kimoja na kujitanda cha pili, hivyo ndivyo watu watakavyotegemea kuniona. Nimekaa nayo magotini jioni nzima. Leo asubuhi nimeikata. Kipande kimoja nimekiweka sandukuni mwangu, cha pili nimekifungia humu na barua hii. Kipinde kabla hujaja, pale nilipokata panafumuka.

Ni mimi, mke mwenzako,
mama mzazi wa Zuhura