Fomu Tano za Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Waraka mpya umefika. Kuanzia leo gari la serikali lisitoke getini bila fomu ya ukaguzi yenye sahihi ya mkaguzi. Mkaguzi ni mimi. Peke yangu — magari thelathini na moja!

Fomu ina nakala tatu. Nyeupe inakaa garini, ya njano inabaki kwenye jalada langu, ya waridi inakwenda kwa afisa usafirishaji. Huyo tunamwita Bwana Ratiba, maana hata kikohozi chake kina saa yake. Aliusoma waraka mbele ya madereva wote: atakayekutwa njiani bila fomu, kazi hana. Gari likiharibika, ataulizwa aliyetia sahihi. Hapo akanikazia macho.

Nilijisikia mtu mkubwa. Nakiri. Miaka kumi na minane nazama kwenye lile shimo la chini ya magari na tochi, natoka na grisi mpaka kwenye nyusi, na leo ndiyo mara ya kwanza kalamu yangu inaogopwa. Nyumbani nimejizoeza sahihi upya, nikaurefusha mkia wake. Utu uzima huu!

Jumanne, 4 Machi

Foleni ya magari imefika mpaka kwenye tangi la maji. Kwa saa sita nzima, magari tisa tu. Madereva wakaanza maneno — eti nakagua kama natafuta pete iliyopotea. Bwana Ratiba alikuja mara tatu, kila mara anatazama saa kwanza, mimi baadaye.

Asiyenung'unika ni mmoja tu, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Wenzake wamempa jina la Polepole kwa mwendo wake barabarani. Alikaa kivulini anafuta kioo cha pembeni. Alisema afadhali achelewe kuondoka kuliko aondoke hana breki ya kukanyaga.

Jumatano, 5 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Bibi. Ndilo gari kuukuu kuliko yote hapa, na jina hilo limekuwepo kabla yangu. Mpira wa breki wa nyuma umevimba, unatoka jasho la mafuta. Pedali inazama nusu nzima ndipo inashika. Nimeandika LISITOKE kwa herufi kubwa na kuning'iniza kadi nyekundu kwenye usukani. Mpira mpya utachukua wiki mbili kufika.

Bwana Ratiba alisema Bibi ameshapanda milima mara nyingi kuliko sisi wote. Sikucheka. Kwanza jino linaniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Sikulala. Kesho naling'oa, daktari kanipa mapumziko mpaka Jumatatu.

Nikiwa nafunga kabati, Bwana Ratiba akaja na kitabu cha fomu kwapani. Akavuta kiti. Akaniuliza habari za jino, pole nyingi, sauti laini. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

"Nitilie sahihi tano tu za akiba," akasema. "Fundi msaidizi atakagua, atajaza. Si unaijua kazi yake, umemfundisha mwenyewe."

Nikasema waraka hausemi hivyo. Akasema aliyeandika waraka hana jino bovu, na watu wa idara wana kazi za kufanya.

Shavu linapwita. Nilitaka kwenda nyumbani. Nikatia. Tano, bila tarehe, bila namba ya gari, na mkia mrefu chini ya kila moja. Dakika haikuisha.

Ijumaa, 7 Machi

Limetoka. Siwezi kuandika.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi kazini na shavu kama nimeficha limau. Nafasi ya Bibi ni tupu. Doa la mafuta kwenye sakafu, basi. Nikadhani wamelisogeza nyuma. Nikaenda nyuma. Halipo. Kadi yangu nyekundu nimeikuta kwenye ndoo ya matambara.

Nikamuuliza fundi msaidizi. Akatazama viatu vyake. Akasema jana alitumwa ofisi nyingine kutwa nzima, hakukagua chochote, aliporudi gari lilishaondoka.

Nakala ya njano ipo kwenye jalada. Jumatatu, tarehe 10. Breki: nzuri. Tairi: nzuri. Taa: nzuri. Alama za vema zimepangwa wima, mwandiko ule ule unaopanga safari zetu. Chini, sahihi yangu. Abiria wanne wa idara, kwenda milimani, kurudi Jumatano mchana. Dereva — Polepole.

Nilikaa juu ya tairi.

Nilipoingia kwa Bwana Ratiba hakupandisha sauti. Magari mengine yote yalikuwa safarini, alisema, na mkutano wa kule haukuweza kungoja. Nikamwambia nitaripoti juu. Akaendelea kuandika.

"Ripoti," akasema. "Ila uanze na ile habari ya kutia sahihi karatasi tupu."

Mchana nikampata shemeji kwenye simu. Upepo mwingi kule. Wamefika salama tangu jana. Nikamuuliza breki. Akasema pedali iko chini kidogo, anaipiga mara mbili mbili inashika. Kisha akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Funguo nilizikataa mwanzo, shemeji. Ile kadi yako niliiona. Wakanionyesha fomu, wakasema mpira umebadilishwa. Nilipoona sahihi yako nikawasha."

Maneno yalikuwa mdomoni. Wallahi yalikuwa mdomoni! Sikulikagua, shuka humo. Maneno matatu tu. Badala yake nikamwambia atumie gia nzito kwenye mteremko na aongeze mafuta ya breki. Akacheka, akaniuliza kama nimesahau jina lake. Simu ikakatika.

Nilijiambia ni mtandao. Sikupiga tena. Niliogopa kazi yangu, ndiyo hivyo, hakuna jina lingine la kuupa woga huo. Jioni mdogo wangu kanipigia, tumeongea habari za jino.

Jumatano, 12 Machi

Saa mbili asubuhi. Nimepiga mara sita tangu niamke. Hapatikani. Nimemtumia ujumbe: *Usiliendeshe hilo gari. Sikulikagua mimi. Nisamehe.* Haujafika. Mara hii sijali kazi, nimeshamaliza hesabu hiyo. Lakini ujasiri umenijia leo, na simu aliipokea jana.

Saa nne. Nimepata namba ya ofisi yao ya kule. Mhudumu kasema wameondoka saa tatu, mkubwa wao alitaka kuwahi. Nikamwomba atume mtu awafuate. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mkaguzi. Akasema basi nisubiri, watafika wenyewe.

Nikakimbilia kwa Bwana Ratiba, nikamwambia apige simu kizuizi cha polisi kilicho juu, kabla ya mteremko mrefu, walizuie gari. Akanisogezea simu nipige mwenyewe. Nilisema haraka mpaka askari akanitaka nirudie. Gari la serikali, namba ya mwisho kumi na saba? Amelipitisha sasa hivi, hata robo saa haijaisha. Nikamuuliza kwa nini amelipitisha.

"Mama, nililisimamisha," akasema. "Dereva mwenyewe aliniomba niangalie magurudumu ya nyuma, nikamwomba fomu. Fomu ina sahihi. Mkaguzi ameshapitisha, mimi nani?"

Nilishukuru. Eti nilimshukuru! Nikarudisha simu mahali pake.

Saa saba. Walitakiwa wawe wamefika chini saa sita, na kule chini mtandao upo. Nimempigia. Nimepiga tena. Nimeingia shimoni bila gari juu yangu, nimekaa humo na tochi imezimwa. Fundi msaidizi alichungulia, akaenda zake.

Saa nane na nusu. Mdogo wangu yupo hapa! Mumewe alimwahidi wataondoka pamoja kutokea ofisini, wakanunue pazia la sebuleni. Kavaa viatu vya kutokea. Kakaa kwenye benchi langu, kaangalia shavu, kaniambia sasa nimeanza kufanana na mjomba. Nikamwambia wamechelewa kidogo.

"Atafika," akasema. "Ningekuwa na wasiwasi gani, dada, na gari umelikagua wewe?"

Nikajifanya natafuta spana.

Saa tisa. Bwana Ratiba ameingia karakana. Hajawahi kuingia saa hizi. Hakumsalimia mdogo wangu, na anamjua vizuri. Ameweka mezani kwangu fomu nne. Zile nne zilizobaki. Kwa sauti ya chini kanitaka nizichane, na ya njano pia, sasa hivi.

Nimemuuliza kwa nini leo. Amefika mtu? Amepiga mtu? Yeye ametoa kitambaa, amefuta shingo, amesimama mlangoni. Mkono wake mmoja umeshika fremu.

Simu inalia ofisini kwake. Tunaisikia sote, ukuta ni wa mbao. Hasogei. Imekatika. Inalia tena.

Mdogo wangu ananiuliza mbona haipokei.

Naandika kwa kuwa nikiacha nitamtazama usoni, naye atajua. Fomu sikuzichana. Nimezisogeza kwa mdogo wangu, zote nne, juu ya benchi. Amezichukua. Anaitambua sahihi yangu, ametabasamu. Sasa anatafuta namba ya gari. Amegeuza ya kwanza, kageuza ya pili. Anatafuta tarehe. Simu bado inalia.