Kwa Nini Mama Anaitwa Mtazamaji

Shauri Moyo,
Nairobi.
8 Juni, 2025.

Mpendwa kaka Kyule,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. U mzima? Na hilo joto la Doha limekuachia nyama mwilini? Sisi tuko salama, tunamshukuru Mungu. Hata goti la mama limepata nafuu.

Nasikia umekasirika. Binti yako Shirleen alikuambia kwa simu kwamba nyanya yake huitwa Mtazamaji mtaani, nawe ukadhani anadharauliwa. Tulia, kaka. Hilo jina ni cheo, na nitakueleza lilikotoka.

Unapakumbuka pale kwenye ubao wa drafti, kando ya jiko la mama la mahindi. Asiyecheza ndiye mtazamaji: mikono nyuma, mdomo ufungwe. Akimwonyesha mtu kete ya kusukuma, anawanunulia wote soda. Zamani kumwita mtu hivyo kulikuwa kumwambia hana lake pale. Na mama ametazama tangu tukiwa wadogo, huku akigeuza mahindi.

Basi Jumamosi moja mwezi uliopita Gichuru, yule fundi wa viti anayejiita bingwa, alisukuma kete vibaya, mama akacheka. Wee! Gichuru alipandwa na hasira. Akasema kama mama anajua sana, aketi wacheze, na akishindwa ahamishe jiko lake asionekane pale tena. Niliogopa, maana jiko lile ndilo lililotusomesha. Mama akafuta mikono kwa leso, akaketi.

Kete yake ya kwanza ikaliwa, ya pili ikaliwa, wanaume wakaanza kunicheka mimi bintiye niliyesimama kando. Kisha akasogeza ya tatu mbele ya Gichuru kabisa. Gichuru akanusa mtego, akasita.

"Kula," mama akamwambia. "Kwenye ubao huu kula ni lazima. Nimewasikia mkisema miaka yote."

Akala. Mama akaruka kete nne za Gichuru kwa mkupuo, akafika mstari wa mwisho akaingia kingi, na Gichuru akawa ameshindwa. Kaka, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka! Majirani wote walitoka nje.

Jiko halijahama. Siku hizi wakisikia mtazamaji yupo, wachezaji hukaa wima. Na Gichuru? Jana nilimkuta amesimama nyuma ya mama, mikono nyuma, mdomo umefungwa.

Nisalimie Owen na wenzako wote wa chumbani. Shirleen na shangazi Wanza wanakusalimu sana. Mungu akulinde kazini na akurudishe salama. Mama anasema ukija Disemba usikimbilie ubao, uanze kwa kutazama.

Dada yako akupendaye daima,
Kalekye