Kupumzishwa Wembe

Kwako dada,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote, wewe, shemeji na wapwa zangu. Mama mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua akiinuka. Mimi nami, kwa kunitazama, ni mzima.

Uliuliza kama bado niko saluni. Nipo, ila kazi si ile uliyoiacha. Nilipotoka hospitali bosi alinipokea vizuri, akaniambia nipumzike kwanza na wembe. Mapumziko hayo hayajaisha hadi leo. Nafua taulo, nafagia nywele, nasafisha mashine. Majuzi kinyozi mwenzangu alichelewa, na yule fundi viatu, ambaye kichwa chake nakijua hata nikifumba macho, alikuwa ameshakaa kitini. Nikamfunga shuka shingoni. Akanishika mkono taratibu, akasema, "Usijali mdogo wangu, nitamsubiri mwenzio." Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Dada, daktari aliponitajia skizofrenia nilipata nafuu kidogo. Nilidhani nimepewa jina la ugonjwa wangu. Kumbe wenzangu walisikia jina langu jipya. Nikicheka sana, mama ananichungulia machoni. Nikinyamaza, anauliza kama nimemeza dawa. Jirani alimwaga maji machafu mlangoni kwetu, nikamfokea kama ambavyo ungemfokea wewe, akaita watu, "Njooni muone, kichaa kimempanda tena!" Nikaingia ndani. Siku hizi hata mimi najishuku. Wimbo ukinipendeza redioni, najiuliza kama aliyefurahi ni mimi au ni ugonjwa.

Tulipomzika baba mdogo sikulia. Najua ulisikia shangazi akisema dawa zimenigeuza gogo. Nilitaka sana kulia, dada. Niliogopa kwamba nikianza tu, watanishika mikono na kunitoa makaburini.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike, na tafadhali usimwambie mama, niachie nimwambie mwenyewe. Sauti ile ya kichwani imerudi. Safari hii hainitukani wala hainiamuru kitu. Ni sauti yako. Huja nikianika taulo uani, inauliza nimekula nini, nani kanichekesha leo, kwa nini nimekonda kama njiti. Kuhusu dawa haiulizi kabisa. Kwa hiyo niliacha kumeza, ili isiondoke.

Jana ilinitania nikaijibu kwa nguvu, wateja wamejaa. Saluni nzima ikanigeukia. Bosi hakukasirika. Alisogea polepole, akauondoa mkasi uliokuwa karibu nami, akaufungia kwenye droo. Mtu aliyenifundisha kushika mkasi ananiogopa, na safari hii, dada, hakukosea kuogopa.

Leo asubuhi nimekwenda kwa daktari kwa miguu yangu mwenyewe, nikamweleza yote. Nimemeza dawa mbele ya muuguzi. Akanifariji kwamba sauti itafifia siku si nyingi, kisha akashangaa kuona nalia.

Basi nakuomba, ukipata nafasi nipigie, hata kama huna la maana la kusema. Niulize chochote. Mambo ya dawa waachie wengine, wapo wengi.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi,
Mdogo wako