Mkono wa Kushoto wa Baba Yenu

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto. Baba amelala, msipige kelele.

Asubuhi tulikwenda ofisi ya mafao kufuatilia pensheni yake ya ulemavu. Karani akatueleza: wanachukua wastani wa mshahara, wanazidisha kwa miaka aliyochangia, kisha kwa asilimia ya kiungo kilichopotea. Mkono wa kulia una asilimia yake. Wa kushoto una ndogo zaidi.

Nikamwambia, "Kaka yangu, mume wangu ni mashoto. Msumeno umekata mkono anaofanyia kazi."

"Mama, jedwali langu halina mashoto," akajibu, huku anakoroga chai.

Miaka kumi na tisa wamekata mshahara wake kila mwezi kujaza mfuko wao, na mshahara wote huo aliutafuta kwa mkono huohuo wa kushoto! Halafu wakampa kalamu asaini kwamba amepokea barua ya uamuzi wao ya mwezi uliopita. Akachorachora kwa mkono wa kulia kama mtoto wa chekechea. Karani akacheka. Mshenzi.

~~Msimwambie baba nilikokwenda.~~ Mwambieni tu. Nimerudi kulekule na msimamizi wake wa kiwanda cha mbao, athibitishe kwa maandishi kuwa baba ni mashoto. Mwisho wa kukata rufaa ni leo saa tisa. Wasipoipokea, sibanduki pale dirishani.

Baba akiamka, msimfungie vifungo vya shati. Jana alifunga viwili mwenyewe.

Mama yenu