Kopo la Mkubwa, Gari la Baba Mkwe

"Gari la kwendea dukani lipe oili nyepesi. Gari la nguvu lipe nzito, na kadiri inavyozidi uzito ndivyo injini inavyozidi kulindwa." Hayo aliyasema bwana mmoja wa Ina, mji wetu wa milimani huku Japani, kwenye maegesho, mbele ya wanaume wazima waliokuwa wakiitikia kwa vichwa. Ni upuuzi. Lakini upuuzi huonekana vizuri zaidi ukimtazama mtu ambaye umemponza, kwa hiyo barua yake kwanza. Majina nimeyabadilisha, nyuso zao mnazijua.

*

Mshauri wetu, nakuomba unisaidie kabla theluji haijaisha mlimani, maana ikiisha tu nimekwisha mimi. Baba mkwe wangu, Mzee Kurogouchi, alirudisha leseni yake polisi kwa hiari, kama wanavyofanya wazee wengi wa hapa, na gari lake, jeupe, la milango miwili, lenye tabo ya kuiongezea injini nguvu, alilolinunua jipya wakati mke wangu Misuzu bado anabebwa mgongoni, akanikabidhi mimi, si mwanawe wa kiume, mimi, kwa sharti moja tu, kwamba kila mwaka barabara ya mlimani ikifunguliwa baada ya theluji nimpeleke hadi juu na kurudi, yeye akae kushoto aisikilize injini.

Sasa Jumapili asubuhi huwa nakutana na wenzangu wenye magari ya namna hiyo, na mkubwa wetu pale ni kaka Tokida, aliyenitangulia shuleni na kazini pia, na baridi ilipokaribia akaniletea makopo mawili ya oili yaliyobaki kwenye mashindano yake ya uwanjani, moja la injini, 20W-60, jingine la gia, zito kama sharubati, akaniambia, "Mdogo wangu, hii dukani huipati. Weka, utanikumbuka," na wewe unajua kwetu mtu kama yule akikupa kitu kwa mikono miwili hukirudishi, nikapokea kwa mikono miwili, nikainama, baadaye nikampelekea sanduku la matufaha ya kwetu kwa shukrani, na oili nikaiweka yote, kwa sababu kila tukikutana alikuwa anafungua boneti yangu kuangalia kama nimebandika stika ya oili yake, aliyonipa pamoja na makopo.

Tangu baridi ishike, gari asubuhi linagonga juu ya injini, na gia ya pili inakwaruza, nikiisukuma inagoma, inalainika nikishafika kazini, na siwezi kuliacha lingurume nje lipate moto kwa kuwa jirani yetu Bibi Hatsue hufungua dirisha akanitakia asubuhi njema kwa sauti ambayo haina wema wowote, kwa hiyo nawasha na kuondoka mbio. Nikamwambia kaka Tokida. Akacheka. "Gari la nguvu hilo, lazima likwaruze! Au unataka gari la mama la kwendea kununua tofu?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Mwaka mpya tulikuwa kwa baba mkwe, nikalisogeza gari tuondoe theluji uani, niliporudi ndani mzee ameketi, miguu chini ya meza yenye joto, anamenya chungwa, akaniuliza, "Gari lina mafua?" Nikamjibu, "Ni baridi tu, baba." Akasema, "Mm," akanipa nusu ya chungwa. Misuzu anasema nimwambie baba yake ukweli, lakini nikimwambia atachukua funguo, na nikiimwaga oili ya kaka Tokida nitakuwa nimemvunjia heshima mbele ya wote, naomba uniambie nishike lipi.

Gia ya Pili, Ina

*

Gia ya Pili, pole. Hiyo ndiyo pole yako yote, itunze.

Umekabidhiwa gari na mtu aliyelitunza umri mzima wa mke wako, ukalijaza mabaki ya mtu mwingine kwa sababu aliyatoa kwa mikono miwili. Angekupa kwa mikono miwili dawa ya macho ya ng'ombe, ungejitia machoni? Kupokea zawadi ni adabu. Kuimimina kwenye injini ni uamuzi, na uamuzi huo ulikuwa wako.

Tuje kwa Tokida na falsafa yake. Gari lake la mashindano hupashwa moto taratibu kabla ya kuingia uwanjani, hukimbizwa kwa joto ambalo oili nyepesi ingelegea ikawa maji, kisha oili ile humwagwa na gari hurudi nyumbani juu ya lori. Kwa maisha hayo, 20W-60 sina ugomvi nayo. Wewe unaamka Ina, bomba limeganda, unawasha, unamkimbia Bibi Hatsue, na kabla oili haijajua kwamba kumekucha umeshaegesha kazini. Pampu inavuta uji! Kule juu ya injini vyuma vinasuguana vikavu, vinangoja ulinzi ambao bado uko njiani. Ndiyo hiyo gonga gonga yako.

Namba iliyo kabla ya W inakuambia oili inatembeaje ikiwa baridi. Inayofuata inakuambia inajikazaje ikiwa moto. Tokida anasoma ya pili peke yake kwa kuwa ndiyo kubwa. Na wasishangilie wale wa upande wa pili, wanaoweka oili kama chai wakitafuta kubana matumizi ya petroli, halafu kiangazi wanapanda mlima na tabo inalia mpaka taa nyekundu iwake. Ujinga mwepesi nao ni ujinga.

Kopo la gia ndilo aibu kubwa zaidi. Ndani ya giaboksi yako mna pete za shaba, na kazi yake ni kuikamata gia inayozunguka na kuituliza kabla haijaingia mahali pake. Hukamata kwa kusuguana. Oili uliyopewa, kwa maelezo yako, ni ya difu, kule nyuma kati ya magurudumu, ambako meno hukandamizana na hakuna cha kukamatwa. Ukiiweka kwenye giaboksi, pete zinateleza, na dawa zilizomo kwenye baadhi ya oili hizo huila shaba polepole. Aliyekupa hakusoma kopo. Wewe hukusoma kwa sababu aliyekupa alikuwa anakutazama.

Sasa unaogopa baba mkwe asije akajua. Bwana wee, anajua! Mzee alirudisha leseni polisi, masikio hakuyarudisha. Alilisikia gari lake likisogezwa uani kwake, akakuuliza swali unaloweza kulijibu bila kuaibika, ukamdanganya, na bado akakupa nusu ya chungwa. Funguo zilikuwa mfukoni mwako siku ile. Angezitaka, angezidai. Anangoja mkwe mwenye kinywa.

Jumamosi, mchana, nenda kwake, gari lipate moto njiani. Mwambie: "Baba, haikuwa baridi. Ni oili niliyoweka mimi." Basi. Usimtaje Tokida, maana mkono uliomimina ni wako. Muulize yeye alikuwa anaweka oili gani, injini na gia, ununue hizo hizo, na zilizomo uzimwage mbele yake. Kwenye giaboksi fungua kwanza tundu la kujazia, ndipo la kumwagia. La kujazia likigoma wakati umeshamwaga, gari halitoki hapo. Itazame oili juani. Tope la kijivu kwenye sumaku ya boliti lisikutishe. Lakini ikimetameta kama ina vumbi la dhahabu, hizo ni pete zako, na giaboksi ifunguliwe kabla mzee hajakaa kiti cha kushoto. Asubuhi ondoka mara moja kama kawaida, ila kwa upole, tabo uiache ilale mpaka oili ipate moto. Hata Bibi Hatsue atapumzika.

Tokida akifungua boneti na kuikosa stika yake, mwambie, "Kaka, gari ni la baba mkwe, oili ni ya baba mkwe." Kwa mila zile zile anazokubania nazo, baba mkwe yuko juu yake.

Nanyi akina Tokida wa kila maegesho, mnaosoma hapa huku mmeegemea magari yenu: Jumapili hii zungukeni kwa wadogo zenu, boneti hadi boneti, mbandue stika zenu, na kila mmoja mumwambie, wenzake wakisikia, "Mwaga hiyo, nilikosea." Mlitoa makopo kwa mikono miwili. Inameni hivyo hivyo.