Wimbo wa Tisa wa Baba na Deo

Baba,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako ya kurekodia, ile ya karibu na dirisha. Kwaya zimeacha kuja. Mama amefunika maikrofoni kwa kitambaa zisiingie vumbi. Misa yako ya kutimiza mwaka tangu ufariki ni Jumamosi, na anataka kusikia sauti yako. Imebaki mahali pamoja tu: ile CD mliyorekodi wewe na mdogo wako Deo, mwisho wa wimbo wa tisa, unapoongea kidogo baada ya gitaa kunyamaza.

Nilitaka kuihamishia kwenye laptopu yako ya Linux. Ikanikatalia, eti sina ruhusa ya kufungua kisoma-CD. Ruhusa! Nyumbani kwetu! Nikaamini kuna mtu ameichezea. Kumbe nilikuwa nimeingia kwa jina langu, na wewe ulijipa ruhusa peke yako, kama kawaida yako. Nikajiongeza kwenye kundi la wanaoruhusiwa, nyimbo nane zikatoka safi. Wa tisa ukatoka na kelele za kukatikakatika.

Hapo nikamshuku Baba mdogo Deo. Mwezi uliopita alivuka mpaka kutoka Goma, akaiazima CD wiki nzima. Na wewe na yeye mlikaa miaka minne bila kusemezana kwa sababu ya kile kiwanja cha Rugerero. Nikampigia simu, Mama akisikia, nikamuuliza ameifanya nini. Akasema, "Mi nilisikiliza tu, bon. Ile ya mwisho tu." Ya mwisho tu! Nikamwambia ameiharibu makusudi. Akakata simu. Nilijiona nina akili sana, Baba.

Jana nikajaribu na ile programu uliyoipenda, isiyoamini kitu, inayosoma sehemu moja tena na tena mpaka majibu yafanane. Nikapunguza mwendo wa kisoma-CD hadi chini kabisa. Kabla ya kuingiza CD niliiinamisha dirishani. Mikwaruzo ilikuwa inazunguka, ikifuata ukingo. Mtu mwenye hasira hakwaruzi hivyo. Nikatazama pindo la kitenge changu. Tangu uondoke, kila Jumapili nimeitoa CD hiyo nikaipangusa kwa pindo hilo, nikizungusha kama sahani. Na ulinipigia kelele miaka yote: "Toka katikati, uende inje! Usizungushe!" Ni mimi, Baba. Ni mkono wangu mwenyewe.

Programu ilihangaika asubuhi nzima kwa wimbo mmoja. Kuna mahali panaruka kidogo, lakini umetoka. Mwishoni wewe unakohoa, halafu unasema, "Deo, mudogo wangu, leo umepiga muzuri. Sina mwingine kama we."

Nilizima. Sikuweza kumwita Mama mara moja. Baba mdogo aliiazima CD kwa ajili ya maneno hayo, na mimi nikamwita mharibifu. Naona aibu.

Pumzika, Baba. Kesho nitavuka mpaka pale barrière ndogo kwa miguu nikiwa na nakala ya wimbo huo, nimuombe Baba mdogo msamaha mbele ya wanawe, nimsihi aje Jumamosi na gitaa. Akinifungia mlango, nitarudi keshokutwa. Laptopu nitaiacha tayari kwenye wimbo wa tisa, na sitaibonyeza mpaka yeye akae karibu na Mama.

Binti yako,
Solange